Hapa Hakuna Kitu

Katika karakana ile, mwenye kochi akiambiwa "hapa hakuna kitu", hakuwa na haja ya kuuliza bei ya kitambaa. Maana yake mbao zimeliwa na wadudu, limebaki ganda, na kazi iliyobaki ni kutafuta mtu wa kuzibeba zikawe kuni. Fundi Misumari aligonga fremu kwa vifundo vya vidole, akatega sikio, akagonga tena mahali pengine, ndipo akatamka. Wapo waliobisha. Wapo waliolia kabisa, kwa sababu kochi lenyewe lilikuwa la marehemu mama. Lakini fundi akishasema amesema, na mkewe nyuma ya cherehani aliitikia bila kuinua kichwa: "Hakuna kitu, ndugu yangu. Usijisumbue."

Jina la Misumari alilipata kwa namna yake ya kufanya kazi. Alijimiminia kinywani konzi nzima ya misumari midogo, ulimi ukaibana juu kwenye kaakaa, kisha ukaanza kuisukuma mmoja mmoja mpaka midomoni, kichwa mbele. Nyundo yake, yenye sumaku upande mmoja, ilikuja kuuchukua msumari, ikaupigilia, ikarudi kwa mwingine. Na katikati ya hayo yote anaongea, anacheka, anamjibu mteja. Mkewe alikuwa akimgombeza kwa jambo hilo tangu wakiwa vijana, na kugombeza kwenyewe kulikwisha kuwa sehemu ya kelele za karakana, pamoja na cherehani na msumeno wa mdogo mtu. Huyo mdogo mtu ndiye aliyetengeneza fremu. Watu walimwita Chapuchapu, na atakayemwona akila atajua kwa nini.

Siku mambo yalipoanza, Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la mteja. Kitu kikamdondokea juu ya ulimi. Alidhani ni msumari, akautema kiganjani. Akautazama. Haukuwa msumari.

"Mama watoto," akaita. "Hebu njoo."

Mkewe alikuja na mkasi mkononi na maneno yakiwa tayari mdomoni. "Nimesema mimi! Nimesema mpaka nimechoka! Misumari si pipi. Lakini wewe bora usikilize redio kuliko kunisikiliza mimi. Umeng'oka jino?"

"Si jino. Ni nyama."

Kilikuwa kipande kidogo cha kijivu, laini, kama kilichokatwa kwenye kitu kilichochemshwa. Mkewe akamkalisha juu ya sponji, akawasha tochi ya simu, akamwambia apanue. Juu kwenye kaakaa, upande mmoja, mahali ambapo siku kadhaa nyuma palikuwa na uvimbe ambao Fundi aliuita "kipele tu", sasa palikuwa na tundu. Kingo zake zilivimba, chini yake paligeuka manjano, na ncha ya kidole ingeweza kuingia. Mwanamke akazima tochi. Akamwambia mumewe afunge mdomo, akamwambia kwa upole, na upole huo ulimtisha Fundi kuliko kile kipande cha nyama.

Hospitalini walikaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Zamu yao ilipofika, daktari kijana alichungulia, akamwita mwenzake. Mwenzake akawaita wanafunzi. Wakajipanga, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na tochi yake. "Panua zaidi, mzee. Zaidi kidogo." Fundi alikuwa amepanua mpaka mate yakamtiririkia kwenye kola ya shati lake zuri, lile ambalo mkewe alikuwa amelipiga pasi kwa ajili ya safari hiyo. Mmoja wa wanafunzi akasema "duh," kisha akakumbuka alipo, akajikohoza.

"Sitakudanganya," daktari akasema walipobaki watatu. "Kinafanana na saratani. Lakini kufanana si kuwa. Nitakata kipande, kipelekwe maabara, tujue. Unavuta sigara?"

"Huyu hapa angeniua."

"Unafanya kazi gani?"

"Fundi makochi."

"Kuna kitu chochote huwa kinagusa au kinakandamiza hapo juu? Meno ya bandia? Kitu kigumu?"

Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza ili aseme. Fundi akautoa mguu wake. Angeanzaje, mtu mzima mwenye mvi, kumwambia kijana msomi kwamba ananyonya misumari kutwa nzima? "Hakuna," akasema. Basi daktari akamchoma sindano, akakata, na nesi akachukua namba ya simu ya mkewe, kwa kuwa ya Fundi ilikuwa haisikiki vizuri tangu ilipoanguka kwenye gundi.

Neno saratani lilitangulia kufika nyumbani kabla yao. Mke wa Fundi alimpigia Chapuchapu simu wakiwa bado njiani, Chapuchapu akaulizwa na mkewe, mkewe akamwambia jirani, na jioni ile ile mke wa Chapuchapu akaja na uso wa msiba kumvuta mke wa Fundi jikoni. "Mimi sisemi kitu," alianza, kama waanzavyo wote wenye la kusema. "Ila ya mdomoni inatembea na mate. Mtengee kikombe. Si kwa ubaya."

Mke wa Fundi alijua ndani ya moyo wake kwamba maneno hayo hayana kichwa wala miguu. Lakini hofu haiulizi. Alichukua kikombe kimoja cha bati, akakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio chake ili kisichanganyike na vingine, na kesho yake asubuhi akamwekea mumewe chai humo. Fundi aliutazama uzi. Ulikuwa uzi wa cherehani, aliununua mwenyewe. Akanywa, hakusema kitu.

Aliyesema ni mama yake Fundi, bibi kizee ambaye hakuwa na jino hata moja na ambaye hakuna aliyemwambia habari kamili. Alikichukua kikombe chenye uzi mbele ya mwanawe, akanywa chai iliyobaki, akajifuta midomo. "Hiki kizuri," akasema. "Hakipotei. Nami nifungieni uzi changu."

Simu ililia mchana, karakanani. Fundi alikuwa nyumbani amelala, sehemu iliyokatwa ikimwuma. Mkewe alikuwa akishona mito ya kochi la watu wa benki, na Chapuchapu alikuwa mlangoni akipigilia miguu ya stuli. Mwanamke hakuifahamu namba.

"Wewe ni mke wa yule mzee wa makochi?" Sauti ya mwanamke kijana, yenye haraka, na nyuma yake kelele za watu.

"Ndiye mimi."

"Napiga kutoka hospitali. Majibu ya kile kipande yametoka, mama. Hakuna kitu."

Mguu wake ulitoka juu ya kikanyagio. "Hakuna kitu?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa, mama. Daktari mwenyewe hakuridhika, akaomba wakiangalie tena, mkubwa wa maabara akakaa nacho. Jibu ni lile lile. Kwa hiyo msihangaike kuzunguka na mahospitali, mtachoka bure. Kaeni naye nyumbani, ale vyakula laini, ale anachopenda. Muda utamaliza wenyewe. Kama miezi miwili ikipita na bado, ndipo mje. Sawa?"

"Sawa, mwanangu."

"Mungu ni mwema, mama."

"Ni mwema," akaitikia, na simu ikakatika.

Chapuchapu alikuwa amesimamisha nyundo. "Wamesemaje, shemeji?"

"Wamesema hakuna kitu."

Nyundo ikashuka taratibu mpaka sakafuni. Huyu alikuwa fundi wa fremu, mtoto wa karakana. Hakuuliza hakuna kitu gani. Neno lile alikuwa amelisikia na kulisema maelfu ya mara, na kila mara lilikuwa na maana moja. Akakaa juu ya stuli isiyokuwa na mguu wa nne, ikamwangusha, akainuka bila hata kujipangusa, na wawili wale wakatazamana bila mtu kucheka.

"Wamesema akae nyumbani," mwanamke akaendelea, sauti yake ikiwa kavu. "Ale anachotaka. Wamesema muda utamaliza wenyewe."

"Tusimwambie, shemeji."

"Ana haki ya kujua."

"Ajue ili iweje? Unamjua kaka. Huyo ukimwambia leo, kesho tunazika. Mwache aishi siku zake hana habari. Mimi na wewe tutabeba."

Akakubali. Na mpaka leo, akiulizwa ni wapi alipokosea, hasemi ni kwenye simu. Anasema ni pale alipokubali.

"Hawajapiga bado," alimwambia mumewe jioni. "Maabara kuna foleni."

Alimwambia hivyo siku hiyo, na siku nyingine, na nyingine. Ukishaanza uongo wa namna hiyo huwezi kuushukia njiani. Alimpikia uji wa maziwa, viazi vya kupondwa, samaki aliyetolewa miiba yote kwa vidole. Nyumba haikuwa na uwezo huo, na Fundi alijua haina. Alikula akitazama sahani.

Wiki ile ile alirudi karakanani, mkewe akashindwa kumzuia. Alipiga magoti mahali pake, akajimiminia misumari kinywani kama kawaida, upande usiouma, kisha akamtazama mkewe. Alingoja. Mwanamke aliiona misumari. Aliona shavu lilivyovimba. Maneno yote ya miaka yote yalimjaa kooni, na akajiambia: mwache, amebakiza nini huyu hata nimnyime? Akainamia cherehani, akakanyaga. Fundi akangoja tena kidogo. Halafu akaitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, akaitia kwenye kopo.

Watu nao walikuwa wamekwisha kupata habari, maana Chapuchapu alikuwa na sifa nyingi lakini siri haikuwa mojawapo. Wateja walianza kumwamkia Fundi kwa sauti ya chini. Mmoja alimshika mkono na kumwambia, "Wewe ulikuwa fundi bwana, ulikuwa hodari," na Fundi akatazama nyundo iliyokuwa mkononi mwake mwenyewe. Mwenye nyumba, ambaye kwa kawaida alikuja kudai kodi akiwa amesimama, safari hii alivuta kiti akakaa, akauliza hali, akaondoka bila kugusia kodi. Hilo ndilo lililommaliza Fundi.

Jioni alimkuta mkewe akimpangia mito kitandani.

"Mbona hunigombezi siku hizi?"

"Nikugombeze kwa lipi?"

"Kwa lolote. Nimemwaga maji pale, umepita umekausha. Nimeacha viatu mlangoni, mama kajikwaa, umeviondoa kimya kimya. Nilitia misumari mdomoni mbele ya macho yako."

"Nimechoka kugombana, baba watoto. Tumezeeka."

"Wewe? Uchoke?" Akacheka kidogo, lakini hakuna aliyecheka naye.

Mwanamke akatoka, akaenda kufungua bomba la uani na kuliacha limwage maji ndooni ili lifunike kilio chake. Ukuta ulikuwa mwembamba. Fundi alisikia maji, na alisikia kilichokuwa chini ya maji.

Hakuuliza tena. Siku chache baadaye alimwita mwenye nyumba na mdogo wake karakanani, mkewe akiwa pale pale nyuma ya cherehani. Aliongea polepole, kwa kuwa tundu lile lilimfanya atoe sauti ya puani.

"Sitaki mambo ya kugombania mali watu wakiwa kwenye matanga. Karakana hii, kuanzia leo, ni ya mdogo wangu. Kodi mdai yeye. Kazi atafute yeye. Sharti langu ni moja: mke wangu abaki na cherehani yake na nafasi yake hapo alipo, na mama yangu asilale njaa. Mmesikia?"

"Kaka, kwa nini unasema maneno hayo?" Chapuchapu alisema, na macho yake yakamkimbilia shemeji yake.

"Shika." Akampa nyundo ya sumaku. Mpini wake ulikuwa umeliwa na kidole gumba mpaka ukafanya kishimo.

Ilikuwa nafasi ya mwanamke kusema. Angeweza kusema subiri, twende tukaulize tena. Angeweza kusema lolote. Lakini kusema kungekuwa kukiri kwamba simu ilikuja, na kwamba amemlisha mumewe uongo asubuhi na jioni. Akakata uzi kwa meno, akakunja kitambaa alichokuwa nacho, akakikunjua, akakikunja tena. Na Chapuchapu, tusimwonee, alilia. Alilia machozi ya kweli mpaka kamasi zikamtoka. Ila kesho yake alikuwa amekwisha kumwita mchoraji abadilishe jina juu ya mlango.

Fundi alikaa nyumbani sasa, barazani na mama yake. Hakukuwa na kitu cha kufanya ila kungoja, na alingoja kwa adabu, kama mtu aliyefika mapema kwenye ofisi ya watu. Alinyoa ndevu kila siku. Aliziba tundu la paa. Alimfundisha mkewe mahali anapofunga koki ya maji ikivuja, akamwonyesha mara ya pili, akamwambia, "Haya, fanya wewe nione." Mwanamke alifanya, na alipotaka kumwuliza kwa nini anamfundisha, aliogopa jibu.

Chai ndiyo iliyofichua. Asubuhi moja alimwona mumewe akinywa chai ya moto, moto wenyewe, bila kuinamisha kichwa upande kama alivyozoea kufanya tangu apate kidonda. Akamtazama. Fundi akanywa tena.

"Haikuunguzi?"

"Siku nyingi hainiunguzi."

"Panua."

Alimpeleka mlangoni kwenye mwanga. Alimshika kidevu, akachungulia, akamgeuza huku na huku. Tundu halikuwepo. Palikuwa na ngozi changa, ya waridi, imejifunga vizuri, kama mshono wa ndani ambao mtu asiye fundi hawezi kuuona ulipopita. Mwanamke akapitisha kidole. Akapitisha tena.

"Kimekwenda wapi?"

"Nilijua kinapungua," Fundi akasema akiwa bado amepanua. Akafunga mdomo. "Ulimi wangu ulikuwa unaniambia kila siku tundu limepungua. Nikajua ni ulimi unaokufa ganzi, haujui tena unachogusa. Nikaona nisikupe tumaini la bure."

Mwanamke hakufurahi. Alidhani ugonjwa umejifungia mlango nyuma na kuingia ndani. "Vaa shati," akasema. "Twende hospitali sasa hivi."

Nesi ndiye aliyewapokea, na mwanamke aliitambua sauti kabla hajauona uso. Msichana mdogo tu, mchangamfu, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alimkalisha Fundi, akachungulia, akapiga makofi.

"Kimepona chote! Mzee, hongera. Mbona mmekuja na sura za msibani? Si nilikupigia simu mama, nikakwambia hakuna kitu?"

Chumba kilikuwa kidogo. Palikuwa na dirisha, meza, na mzani wa kupimia watoto. Mwanamke aliutazama ule mzani.

"Ulisema hakuna kitu," akarudia.

"Ndiyo. Hakuna saratani. Hakuna kitu kibaya. Hata nikakwambia msijisumbue kuja, muda utamaliza wenyewe." Tabasamu la nesi likaanza kupungua. "Mama? Ulielewaje?"

Daktari aliingia wakati huo, naye akachungulia, akafurahi kama kazi ni yake. Akaeleza. Alisema juu kwenye kaakaa kuna vitezi vidogo vidogo vya mate, huvioni. Damu ikikosa kuvifikia, vinakufa, vinaoza, vinadondoka pamoja na nyama iliyovifunika, na tundu linabaki. Kisha mwili wenyewe unalijaza. "Lakini kwa sura, mzee, ni saratani tupu. Hata kwenye darubini inadanganya. Wapo waliokatwa kaakaa nzima bure kwa kidonda kama hiki. Ndiyo maana nilirudisha kipande kiangaliwe tena. Kitu ambacho sikukijua ni kilichokandamiza damu hapo. Una hakika hakuna kitu kigumu unachoweka mdomoni?"

Fundi alimtazama muda mrefu. "Misumari," akasema. "Maisha yangu yote."

Daktari akaomba aelezwe tena. Lakini Fundi alikuwa amekwisha kumgeukia nesi. "Ulimpigia lini, binti?"

Nesi akamtazama mwanamke, akaona alichokiona, akajibu kwa sauti ndogo. "Zamani, mzee. Wiki ile ile mliyokuja."

Walitembea kwa miguu. Mtu na mkewe wa siku nyingi wakikasirikiana hutembea mmoja mbele mmoja nyuma, lakini hawa walikwenda bega kwa bega, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Kwa hiyo ulijua," Fundi akasema walipofika penye maduka ya vyuma.

"Nilijua uongo."

"Ulijua ninakufa, ukaniacha nikae nawe mezani kila siku sijui. Chapuchapu anajua. Mke wa Chapuchapu anajua. Mwenye nyumba anajua. Mimi mwenye kufa nagundua kwa kuwa mke wangu ameacha kunipigia kelele."

"Nilisikia kama tunavyosema sisi," mwanamke akasema. Alikuwa analia wazi, watu wakipita wakitazama. "Alisema hakuna kitu. Kabisa. Mimi ningejuaje? Sisi tunasema hakuna kitu, na mtu anakwenda kuchoma kochi lake."

"Ungeuliza. Hakuna kitu kibaya, au hakuna kitu kilichobaki? Neno moja tu."

"Wewe watu wako umewahi kuwaeleza? Umewahi hata siku moja kumwambia mtu hakuna kitu gani?"

Fundi alisimama. Akafikiri, kwa haki kabisa, kama anavyotega sikio kwenye fremu. "Hapana," akasema. Wakaendelea kutembea.

Chapuchapu alimkumbatia kaka yake mpaka akamwinua kutoka chini. Alipiga kelele mtaa mzima ukasikia, akacheza, akamwita kila mtu aje kuona. Furaha yake ilikuwa ya kweli kama machozi yake yalivyokuwa ya kweli. Aliposhusha pumzi, Fundi akatazama huku na huku. Mahali pake palikuwa na kijana mgeni aliyepigilia misumari kwa mashine ya upepo, tata-tata-tata. Juu ya mlango jina lilikuwa jipya.

"Basi kesho nitarudi kwenye kazi," Fundi akasema.

Mashine ilinyamaza. Chapuchapu akajikuna shingo. "Kaka. Nafasi yako ipo, hilo usiulize. Ila... mimi nimekwisha kuahidi watu. Nimeleta kijana, nimeleta mashine, mwenye nyumba tumekwisha kuzungumza mambo ya mwaka kesho. Wewe mwenyewe ulisema mbele ya mashahidi. Sikukuomba mimi." Akaonyesha benchi karibu na mlango, lile la kukalia wateja wakisubiri. "Utakaa pale, utanisaidia mito. Kazi nyepesi. Si umetoka kuugua?"

"Sikuugua," Fundi akasema. Lakini alikwenda akaketi.

Nyumbani mwanamke alifika kabla yake, akachukua kile kikombe cha bati na mkasi wa uzi. Fundi alimkuta akihangaika na fundo.

"Kiache."

"Nakitoa, mume wangu. Nakitoa hiki kitu."

"Kiache. Nimekizoea." Akakitwaa mkononi mwake, akajimiminia maji, akanywa. Mama yake, pembeni, alinyoosha mkono akadai zamu yake.

"Mimi hamkuniambia kitu," bibi kizee akasema. "Ndiyo maana sikumwogopa."

Akanywa, akamrudishia mwanawe kikombe.

Zikaja siku za kimya. Fundi aliamka, akaoga, akaenda kwenye karakana iliyokuwa yake, akaketi kwenye benchi la wateja na kujaza sponji kwenye mito. Na mdogo wake aliongea. Na kijana wa mashine aliongea, akamwonyesha hata namna ya kuvuta kitambaa pembeni kisifanye mkunjo. Kwa mkewe alisema "karibu" na "asante". Alikula chakula chake chote. Usingizi wake ulikuwa mzuri. Mwanamke aliona kuwa mumewe amemrudishia ule ule upole aliompa yeye, kipimo kwa kipimo, na akajua sasa ulivyokuwa mchungu.

Halafu umeme ulikatika, mashine ya upepo ikafa, na kulikuwa na kochi la kumalizia. Chapuchapu alihangaika na ile nyundo ya sumaku, akapiga kidole, akatukana. "Kaka, hebu nisaidie hapa."

Fundi akainuka kwenye benchi. Akachukua nyundo yake mkononi mwa mdogo wake, kidole gumba kikaingia kwenye kishimo chake. Akapiga magoti. Akachota konzi ya misumari kwenye kopo, akajimiminia kinywani, ulimi ukaibana juu pale pale penye ngozi changa. Na akamtazama mkewe.

Mwanamke alikuwa ameshika kitambaa. Karakana nzima ilikuwa kimya bila umeme. Alijiuliza ana haki gani. Aliyemwacha mumewe ajiandae kufa peke yake, akafundishwa kufunga koki na akafunga, ana mdomo gani wa kumfokea mtu? Ndipo alipoona shavu la mumewe likivimba, na hasira ikampanda kutoka miguuni mpaka ikatoka.

"Toa hivyo vyuma mdomoni! Toa! Mwanamume huna akili hata ya kuku! Umetobolewa, umekatwa, umepona, na bado unanyonya misumari kama mtoto mchanga! Kaakaa ngapi umepewa wewe? Ukitobokea tena mimi sikupeleki popote, nakuacha uoze hapo hapo! Toa nimesema!"

Kijana wa mashine alirudi nyuma hatua. Chapuchapu akainamisha kichwa. Mwanamke alikuwa amesimama, mkasi hewani, machozi yanamtiririka, kifua kinapanda na kushuka.

Fundi akaitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, ikiwa na mate. Midomo yake ilikuwa inacheza, haijulikani kwa kicheko au kwa kilio.

"Nilidhani hutanipigia kelele tena," akasema.

Mwanamke alifungua mdomo amjibu, lakini mlangoni palikuwa na mteja, kochi lake likiwa bado juu ya mkokoteni. "Kaka," Chapuchapu akaita kwa sauti ya mwenye mali, "mpishe mgeni hapo kwenye benchi, toa mito yako, halafu ulitazame hilo kochi."

Fundi akaimimina misumari kwenye kopo, akajipangusa magoti, akaenda kumpisha mgeni.